Glaida au ndege ya injini? Kwa watu wa Mtwara na Lindi wanaotaka kuruka kwa kupenda tu

Hii nimewaandikia wale ambao wameshaamua kwamba wanataka kuruka, siyo kutafuta ajira ya urubani, wanataka tu wawe angani wenyewe wameshika usukani, ila wamekwama hapo kwenye kuchagua: nianze na glaida, ile ndege isiyo na injini kabisa, au niende moja kwa moja kwenye ndege ndogo ya injini kama Cessna. Ukimuuliza mtu wa glaida atakwambia injini ni kelele tupu, ukimuuliza wa injini atakwambia glaida ni kungoja upepo kutwa nzima. Mimi nazipenda zote mbili na nadhani kila moja ina mtu wake, kwa hiyo nitazipitisha kwenye vigezo vilevile, halafu utajiona mwenyewe uko wapi.

Kabla ya yote tuwekane sawa kwenye jambo moja. Mtwara na Lindi hakuna klabu ya glaida, na shule ya ndege za injini nayo utaifuata Dar au mbali zaidi. Kwa hiyo usichague kwa kigezo cha "ipi iko karibu na nyumbani", zote ziko mbali, nauli na malazi vipo pande zote.

Vigezo ninavyoviangalia ni hivi: hela, muda na watu, umri na afya na leseni, hewa ya huku kwetu, usalama, na mwisho leseni yenyewe inakuruhusu kufanya nini. Raha yenyewe ya kuruka nimeiweka mwanzoni kabisa, maana ndiyo itakayokufanya uendelee au uache.

Ukiwa juu unajisikiaje

Glaida inapandishwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni winchi: mashine iko mwisho wa uwanja, waya wa kilomita moja hivi umelazwa chini, unafungwa kwenye tumbo la glaida, mtu anashika ncha ya bawa, winchi inavuta na ndani ya sekunde chache umeshaacha ardhi, pua imeelekea juu kabisa unaona mawingu tu. Ukifika kama mita 300 mpaka 500 unauachia waya, na hapo kila kitu kinatulia, unabaki na sauti ya hewa inayopita kwenye mwili wa ndege. Njia ya pili ni kuvutwa na ndege ya injini kwa kamba mpaka kama mita 600 ndipo unaachia.

Kuanzia hapo unashuka. Glaida muda wote inashuka ndani ya hewa, kazi yako ni kutafuta hewa inayopanda kwa kasi kuliko wewe unavyoshuka. Usipoipata, ule mruko wa winchi unaweza kuwa dakika sita saba tu ukarudi chini. Ukiipata unakaa masaa. Kuna kifaa kinaitwa variomita, kinalia mlio unaobadilika hewa ikipanda au ikishuka, na nje ya kioo mbele ya macho yako kuna kipande cha uzi wa sufu kimebandikwa kwa utepe. Uzi ule ukilala katikati, ndege inakwenda sawa, ukikimbilia pembeni ujue miguu yako kwenye pedali haijakaa vizuri. Hata glaida za bei kubwa zenye skrini kibao utakuta na huo uzi.

Na usidhani kukosa injini ni kuruka chinichini. Mwaka 2003 rubani wa glaida Klaus Ohlmann alikwenda zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku moja akitumia mawimbi ya hewa ya milima ya Andes kule Argentina, na mwaka 2018, huko huko Argentina, glaida ya Perlan 2 ilipanda zaidi ya mita 23,000, juu kuliko ndege za abiria zinavyokwenda.

Ndege ya injini ni raha ya aina nyingine. Unaamua wewe. Umepanga kwenda Kilwa unakwenda Kilwa, unaona pwani yote kuanzia Mikindani, Sudi, ghuba ya Lindi, na ukipenda kuzunguka kisiwa mara mbili unazunguka tu. Kuna kazi nyingi za kichwa ndani yake: ramani, redio, hesabu ya mafuta, cheklisti, kuongea na waongoza ndege. Mtu anayependa mpangilio na safari ataipenda sana. Kelele ipo, unavaa hedifoni, na mtetemo upo, ila wapo ambao sauti ya injini ikikaa sawa ndiyo inawatuliza.

Hela

Hapa ndipo wengi wanaamulia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bei zinabadilika na kila shule ina zake, mimi nakupa namna hela inavyotoka ili ukipewa bei ujue kuisoma.

Kwenye ndege ya injini unalipia saa. Cessna 172 inakula kama lita 30 mpaka 35 kwa saa, na siyo petroli ya sheli, ni petroli maalum ya ndege ndogo ambayo haipatikani kila uwanja. Juu ya mafuta kuna injini yenyewe: injini za kundi hili kwa kawaida zinahesabiwa masaa kama 2,000 halafu zifanyiwe ukarabati mkubwa, na ile gharama imegawanywa ndani ya kila saa unayolipa. Mwalimu naye analipwa kwa saa. Halafu kiwango cha chini cha leseni binafsi kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ni masaa 40, au 35 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa, na wengi wanavuka hapo kabla hawajawa tayari. Chukua bei ya saa, zidisha mara 50, ongeza mitihani, vitabu, daktari, malazi. Hiyo ndiyo bajeti. Ukisikia mtu kakupigia hesabu kwa masaa 40 kamili, mwambie arudie.

Kwenye glaida unalipia mpando, yaani kila ukivutwa juu, na dakika unazokaa hewani. Winchi ni rahisi kuliko kuvutwa na ndege. Kwenye klabu nyingi duniani walimu wanafundisha kwa kujitolea, kwa hiyo gharama inashuka sana. Kiwango cha chini cha ICAO kwa glaida ni masaa 6 tu, ndani yake masaa 2 uwe peke yako, na kupanda na kutua kusikopungua mara 20. Kihalisia utahitaji zaidi, lakini unaona tofauti.

Sasa kwa mtu wa kwetu kuna kitu kinachogeuza hesabu nzima: safari. Glaida ni rahisi kwa mtu anayeishi nusu saa kutoka klabuni. Wewe unayetoka Nachingwea kwenda Kenya au Afrika Kusini, nauli na wiki tatu za kulala hotelini zinaweza kumeza ile nafuu yote. Kwa hiyo usije ukabeba kauli ya mtandaoni kwamba glaida ni bei chee ukaifanya yako bila kuweka tiketi ndani.

Na baada ya leseni? Lazima uendelee kuruka, la sivyo mkono unapotea. Mwenye leseni ya injini akienda Dar kwa shughuli zake anaweza kukodi ndege kwa saa moja, akaruka, halafu akarudi zake Mtwara. Mwenye glaida atangoja likizo nyingine.

Muda na watu

Ndege ya injini unaweka miadi, unafika, unakagua ndege, unaruka, unalipa, unaondoka. Nusu siku imetosha, na watu wawili tu, wewe na mwalimu, wanaweza kufanya kila kitu.

Glaida ni kazi ya kijiji kizima. Mmoja kwenye winchi, mmoja anashika bawa, mmoja anaandika muda, wengine wanasukuma ndege kuirudisha mwanzo wa uwanja. Unafika asubuhi unaondoka jioni na pengine umeruka mara tatu. Kwa mtu mwenye duka na watoto hilo ni gumu. Ila urafiki unaopatikana pale chini juani mkisukuma ndege pamoja, mkigawana chai, hauupati kirahisi kwenye shule ya ndege za injini, na mimi nauhesabu kama sehemu ya hobi yenyewe.

Umri, afya, leseni

Kwa viwango vya ICAO leseni ya glaida ni kuanzia miaka 16, ya ndege ya injini binafsi ni miaka 17. Nchi nyingi zinaruhusu kijana wa miaka 14 kuruka glaida peke yake akiwa bado mwanafunzi, kwa hiyo kama una mtoto wa sekondari anayeota ndege, hapo glaida inashinda kwa mbali.

Cheti cha afya cha daraja la pili ndicho kiwango cha ICAO kwa zote mbili, japo kwa glaida nchi nyingine zinalegeza. Fanya vipimo kabla hujalipa ada ya shule. Sukari, presha, macho, hayo ni mambo ya kujua mapema. Glaida ina na suala la uzito: nyingi kiti kinabeba mpaka kama kilo 110 pamoja na parachuti, na mwepesi sana chini ya kilo 70 hivi anaongezewa vyuma ili ndege ikae sawa.

Kiingereza: rubani wa ndege ya injini anayetumia redio anatakiwa afikie daraja la nne la ICAO. Siyo Kiingereza cha fasihi, ni cha kueleweka na kuelewa haraka, hata mambo yakienda ndivyo sivyo. Anza kusikiliza mazungumzo ya waongoza ndege mapema, inasaidia kweli.

Leseni ukiipata nje, kabla hujaitumia nyumbani nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, uulize utaratibu wa kuitambua. Usirudi na karatasi ya nje ukadhani umemaliza.

Hewa ya kwetu

Hili wenzetu wa nchi nyingine hawawezi kukuandikia.

Glaida inaishi kwa joto la ardhi. Pwani yetu, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini, upepo wa bahari unaingia mchana unaleta hewa ya baridi na kuua ile hewa inayopanda. Kusi likishika kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi upepo ni wa kudumu, mzuri kwa mashua lakini kwa glaida ya kutegemea joto siyo. Ukienda bara ndiyo unaona mambo: Masasi, Nachingwea, mwezi wa tisa na wa kumi, mashamba yamesafishwa, ardhi nyekundu imekauka, jua la saa saba. Utaona kisulisuli kimeinuka na vumbi na majani makavu kinatembea katikati ya shamba, na juu yake mwewe anazunguka bila kupiga bawa hata moja. Mwewe yule anafanya kazi ileile ya rubani wa glaida. Kwa hiyo hewa tunayo, kinachokosekana ni winchi, ndege na watu.

Ndege ya injini haingoji kisulisuli. Asubuhi saa moja hewa ikiwa imetulia, ndiyo wakati mzuri zaidi kwa mwanafunzi. Tatizo lake huku ni unyevu. Maji yanaingia kwenye tanki za mafuta, kwa hiyo kila asubuhi unachota mafuta kidogo chini ya tanki kwenye kikombe cha kuona ndani, unakiinua kwenye mwanga: maji yanakaa chini kama tone la kioo, petroli inaelea juu. Ukiona tone unamwaga, unachota tena mpaka yaishe. Na kuna lingine linawashangaza watu, barafu kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Hata siku ya nyuzi 28 hewa ikiwa na unyevu kama ya kwetu barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta kwa sababu petroli inapogeuka mvuke inapoza, na injini inaanza kupungua nguvu polepole. Dawa ni kuvuta kitasa cha hewa ya moto mapema, na mwalimu mzuri atakufundisha hilo mpaka liwe tabia.

Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, wote wawili mtapunguza kuruka.

Usalama

Wengi wanaanza na swali "sasa glaida haina injini, si utaanguka?" Hapana. Glaida ya mafunzo kama ASK 21 kwa kila mita moja inayoshuka inakwenda mbele mita 34. Cessna 172 injini ikizima inakwenda kama mita 9. Maana yake ukiwa mita 1,000 juu ya uwanja wa Mtwara na hewa imetulia, glaida kimahesabu inafika Msimbati na kubaki na akiba, ila Cessna iliyozima haitoki mbali na Mikindani.

Lakini glaida inatua mara moja. Hakuna kusema nimekosea ngoja nizunguke tena. Na hewa ikikuishia katikati ya safari unatua shambani, ndiyo kawaida ya mchezo, na hapa kwetu lazima nilisisitize: mikorosho inapandwa kwa nafasi ya mita 12, bawa la ASK 21 ni mita 17. Haipiti. Shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa ni afadhali mara nyingi, ila bado unatakiwa uwe umeliona na kulichagua ukiwa juu sana. Hatari nyingine ni waya kukatika wakati wa kupanda, ndiyo maana unazoezwa tena na tena kushusha pua papo hapo.

Ndege ya injini inakupa nafasi ya kurudia, ila inakupa pia ujasiri wa kuingia kwenye hali ya hewa ambayo usingeingia. Kuendelea na safari ndani ya mawingu na mvua wakati leseni yako ni ya kuruka ukiona nje, hiyo imeua marubani wengi wa burudani. Kingine ni mafuta kuisha au kukadiriwa vibaya.

Na ujuzi unahama. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ya hesabu mbaya ya kugeuza lita za mafuta kuwa uzito. Nahodha Robert Pearson alikuwa pia mtu wa glaida, akaielekeza kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, na alipoona yuko juu mno akailaza ndege upandeupande ili ishuke bila kuongeza kasi, mbinu ya kila siku kwa wa glaida. Hakuna aliyekufa.

Leseni inakupa nini

Ya injini inakupa safari na abiria. Ndani ya mafunzo yenyewe kuna safari ya peke yako isiyopungua kilomita 270 na kutua viwanja viwili tofauti, fikiria Mtwara, Lindi, Kilwa Masoko halafu kurudi, inavuka hapo vizuri. Ila sikia: leseni binafsi hairuhusu kubeba watu kwa malipo. Ndugu wataanza "nipeleke Dar nitakulipa", jibu ni hapana, bila kumung'unya maneno. Na huku tuko mpakani, mto Ruvuma ukiwa juu unauvuka kwa dakika, kuingia anga ya Msumbiji bila kibali ni kesi, kwa hiyo jua uliko kila wakati.

Ya glaida inakupa mchezo na ufundi. Mashindano, umbali, beji za kuonyesha kiwango ulichofikia. Abiria mmoja, ukishapata uzoefu.

Sasa wewe uko wapi

Kama una mwaka mmoja wa akiba ya hela na kazi yako inakupeleka Dar mara kwa mara, nenda ndege ya injini. Utaweza kuendeleza, na hilo kwangu lina uzito kuliko bei ya kuanzia.

Kama ni mzazi na mtoto ana miaka 14 au 15, na una ndugu Kenya au Afrika Kusini wa kumpokea likizo, mpeleke glaida. Akifika miaka 17 akitaka injini atakuwa ameshajua kusoma hewa na miguu yake inafanya kazi.

Kama umewahi kupanda Cessna ukajisikia vibaya kwa kelele na mtetemo, jaribu mruko mmoja wa glaida kabla hujakata tamaa. Na kinyume chake, ukizunguka kwenye hewa inayopanda kwa dakika 20 tumbo likakataa, injini inakwenda moja kwa moja, huenda ikakufaa.

Kama una wiki tatu tu kwa mwaka na unapenda uzisukume zote kwenye kitu kimoja, glaida: Bitterwasser kule Namibia na Gariep Dam Afrika Kusini ni sehemu zinazojulikana duniani, msimu wao mzuri ni kuanzia Novemba mpaka Januari, ila hakikisha wanapokea wanaoanza, nyingine ni za wazoefu. Kenya, Mweiga karibu na Nyeri pamekuwa na glaida kwa miaka. Wasiliana nao kwanza ndipo ukate tiketi.

Kama unataka kubeba mke au mume na watoto kwenda Kilwa wikiendi, glaida haitakupa hilo hata ufanye nini.

Kama hela ni ndogo na huna haraka, lipia mruko mmoja wa majaribio wa ndege ya injini Dar, na ukipata safari ya Nairobi fikiria kupitia Nyeri ujaribu na glaida pia. Ukiwa umeshika usukani wa kila moja kwa nusu saa utakuwa unajua mengi kuliko haya niliyoandika. Ukienda, vaa kofia isiyo na kishungi juu, beba maji na miwani ya jua, na mwambie mwalimu mapema kwamba unataka kushika mwenyewe, siyo kukaa tu.